Picha Mbili za Handaki la Saba

1

Niliambiwa niandae picha kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Jumatano, na Kanisius Ngwila alikuwa ameshazikwa kwao Mahenge siku tatu nyuma, kwenye jeneza ambalo, nasikia, halikufunguliwa.

"Picha safi," alisema Injinia Rwechungura, meneja wetu, amesimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai. "Yenye kila kitu, Lwitiko. Kamati ya serikali haitaki ukunguukungu. Ipe kadi muda wote inaoutaka, ichore kila jiwe."

"Kila jiwe," nikasema.

"Na kila mtu." Akanitazama kidogo juu ya kikombe. "Tunaelewana?"

Tulielewana vizuri sana. Hapo ndipo nilipoharibikia, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu, na asiyependa maelezo avumilie, maana bila haya hamtanielewa, mtanihurumia tu, na huruma siitaki.

Sisi ni ukumbi wa madereva, Morogoro mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Madereva kumi na wawili wanakaa kwenye viti, wamevaa miwani mizito inayoziba macho yote, wanaendesha vijiko, mashine za kuchimba za tani arobaini, vilivyoko chini ya mlima kule Mahenge. Ni mgodi wa kinywe, yale madini meusi ya betri. Tangu sheria ikataze dereva kushuka chini, kazi inafanyika hivyo. Kamera hazitumiki, kwa sababu vumbi la kinywe linavipaka vioo vyake rangi nyeusi ndani ya dakika kumi. Badala yake, kwenye kuta za mahandaki tumefunga vipimo tunavyoviita macho. Vinarusha mawimbi yanayopenya vumbi, vinapima umbali wa kila kilichopo, halafu vinatuletea namba tupu. Kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachochora, inazichukua namba hizo na kulichora handaki lote upya, mara tisini kila sekunde, ndani ya miwani ya dereva. Akigeuza shingo, handaki linageuka naye. Anaamini yuko pale. Nimewaona watu wakivua miwani saa ya chakula na kujipangusa usoni vumbi ambalo halipo.

Mara tisini kila sekunde, sikieni. Zikishuka hadi sitini, picha inakwamakwama na dereva anatapika. Sitanii, kila kiti kina ndoo yake. Na aliyeteseka kuliko wote ni dereva wa kiti cha nne, Zamda Kiloko, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkongwe wa ukumbi, aliyewafundisha nusu ya madereva wenzake.

"Mdogo wangu Lwitiko," aliniita kwenye kipaza sauti karibu kila asubuhi, "inakwama tena hii. Nifagilie basi, nisije nikaaibika mbele ya wanafunzi wangu."

Kufagia ni neno letu la kazini. Kadi, hata iwe kali namna gani, haiwezi kuchora kila kitu mara tisini kwa sekunde. Kwa hiyo kabla haijachora chochote inapewa orodha ya vya kuchora na vya kuacha. Kilichoko nyuma ya dereva, acha. Kilichofichwa na nguzo, acha, hakionekani hata hivyo. Kuta na nguzo zenyewe huchorwa daima. Kinachofagiwa ni vitu vya kupita, kama mikokoteni, mitungi na watu. Ufagio uwe mkali kiasi gani, anaamua fundi. Fundi wa kiti cha nne ni mimi.

Mwezi wa tatu nilimbunia Zamda kitu. Niligundua kwamba kadi inapoteza muda mwingi kwa kuuliza. Kila kilichofichika inakiuliza, mara tisini kwa sekunde, bado umefichika? Bado? Na sasa? Nikaiambia iache ukorofi. Kilichokwisha kufichika kikae nje ya orodha mpaka kisogee. Kisiposogea, usikiulize tena, hata dereva akishaipita nguzo. Kitu kisichosogea kule chini ni kopo au mtungi mtupu, kijiko kikipita juu yake dereva hahisi hata mtikisiko. Mtu aliye hai anasogea. Nani anakaa bila kusogea? Nilijiuliza hivyo, nikajijibu mwenyewe, nikaenda kula.

Picha ikatulia. Zamda aliendesha wiki nzima bila kugusa ndoo, akaniletea vitumbua bakuli zima, akaniambia mama yangu amezaa. Sikumwambia mtu mwingine nilichofanya. Hakikuandikwa popote isipokuwa kwenye faili la mpangilio wa kiti cha nne.

Sasa, kule mgodini kuna watu wachache bado wanaoshuka kwa miguu, wale wanaofunga na kusafisha macho. Kabla hawajapewa hata kofia wanafundishwa sheria moja: ukisikia kijiko, ganda. Mgongo ukutani, mikono chini, usitikise hata kidole, mpaka dereva akuone na kupiga honi mbili. Honi mbili maana yake nimekuona, pita. Mtu anayekurupuka anamchanganya dereva, ndiyo maana. Breki ya kujizuia yenyewe ilizimwa mwaka juzi, kwa kuwa vumbi lilikuwa linaisimamisha mashine kila hatua kumi, basi maisha ya watu wale yakabaki kwenye jicho la dereva na kwenye kuganda kwao. Kanisius alikuwa na miaka tisa ya kazi hiyo. Hakuna aliyejua kuganda kama yeye.

Ijumaa ya wiki iliyotangulia, saa nne asubuhi, alikuwa nyuma ya nguzo ya handaki la saba, kwenye uwazi ambao vijiko hugeukia, akibadilisha jicho bovu. Alisikia kijiko kinakuja. Akaganda, kama alivyofundishwa. Zamda akaipita nguzo, akatazama kwenye uwazi, akauona mtupu, akaingiza kijiko ageuze.

Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimetunga sheria ya kumfuta mtu anayetii sheria. Jamani.

2

Alhamisi nilichora picha zote mbili.

Picha za miwani hatuzihifadhi, ni nzito mno. Tunahifadhi namba za macho tu, kwa hiyo kuona kilichotokea ni lazima kuchora upya. Nilianza na mpangilio wa Zamda vilevile ulivyokuwa siku ile. Kadi ilichora bila kusitasita. Nguzo ikaja, ikapita, uwazi ukatokea. Mtupu. Ukuta, changarawe, waya wa taa. Nilisimamisha picha nikaitazama kwa muda mrefu, na haki ya Mungu, ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningeingiza kijiko vilevile.

Kisha nikafuta ufagio wote na kuiambia kadi ichore kila kitu, bila haraka, sekunde nne kwa picha moja. Nikaenda dirishani. Niliporudi, Kanisius alikuwepo.

Macho hayajui rangi, kwa hiyo mtu yeyote kadi humpaka rangi ya chungwa. Lakini umbo yanalijua vizuri. Mgongo ukutani, mikono chini. Spana mkononi, hakuiachia. Masikio yake yalikuwa yamejitokeza chini ya kofia, na kidevu amekiinamisha kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Kijiko kinageuka kuelekea kwake naye hatikisiki. Alikuwa anasubiri honi.

Namba ni zilezile, kadi ni ileile. Hakuna picha hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa ya uongo. Ile ya kwanza ilionyesha alichoonyeshwa Zamda, ya pili ilionyesha kilichokuwepo, na kamati ilikuwa imeomba moja.

Alasiri Zamda mwenyewe akaja. Alikuwa amesimamishwa kazi, kaja kuchukua mto wake wa kiti. Amekonda kwa wiki moja tu, ushungi umemkaa vibaya, na hakunitania.

"Nilale vipi, mdogo wangu?" alisema, ameukumbatia ule mto. "Nikifumba macho naliona lile pengo. Wallahi tupu. Nililitazama, nakumbuka nililitazama! Au nilikuwa nawaza mengine? Asubuhi ile nilikuwa nimegombana na binti yangu. Labda nilikuwa nawaza hilo."

"Dada Zamda..."

"Wewe utaiona picha kabla yetu. Niambie kitu kimoja tu. Njia ilikuwa tupu?"

Picha zote mbili zilikuwa mezani, ndani ya kompyuta, hatua mbili kutoka aliposimama. Ilitakiwa nigeuze kioo tu. Sikuhitaji hata kusema neno.

"Bado sijamaliza kuchora," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na mto wake. Nilimsikia akishuka ngazi polepole, anashika ukuta.

Rwechungura, ambaye bila shaka alikuwa ameshalifungua faili lile, alikuwa ameniambia mambo mawili Jumatano ile, kwa sauti ya kirafiki. Kwanza, kwamba fundi anayebadili mpangilio wa usalama bila idhini, mtu akafa, ni miaka saba jela. Pili, kwamba dereva hafungwi, dereva ana bima na umri wake unaruhusu, atapumzishwa tu, basi. "Kila mtu atarudi nyumbani," alisema. La pili nililiamini kwa sababu nilitaka kuliamini. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Haya, mshaijua sababu, na haitoshi, najua haitoshi.

Saa kumi na moja jioni nilifuta picha ya kwanza. Kisha nikafuta faili la mpangilio wa kiti cha nne na kuweka la kiwandani mahali pake. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

3

Kamati ilikaa Ijumaa asubuhi kwenye ukumbi uleule wa madereva, viti vikiwa vimesukumwa pembeni. Watu watatu wa serikali. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, mpole, anayeandika kwa kalamu. Kwenye kona alikaa mdogo wake marehemu, jina lake Gaspar, amekuja kwa basi kutoka Mahenge, kofia yake ameipakata mapajani. Zamda alikaa peke yake mbele.

"Fundi Mwaipaja," mwenyekiti aliniambia, "kabla hatujaitazama, tueleze kwa lugha ya watu wa kawaida. Picha hii inatokeaje? Maana sisi wengine tukisikia kadi tunajua za harusi."

Watu walicheka kidogo. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nina kipaji hicho. Nikasema macho yanaleta namba, na kila namba ni alama moja mahali fulani kwenye handaki. Kadi inaziunga alama tatutatu kuwa pembetatu, na ulimwengu wote kwa kadi ni pembetatu: ukuta ni pembetatu milioni mbili, kofia ni pembetatu mia tatu. Kisha inauliza jicho la dereva liko wapi, linatazama wapi, inazigeuza pembetatu zote zielekee jicho hilo. Kisha inazilaza bapa, za mbali zikiwa ndogo, za karibu kubwa.

"Halafu?" mwenyekiti akauliza, anaandika.

"Halafu inazikata nukta nukta. Kila nukta ya kioo ina kidaftari chake cha umbali. Pembetatu ikifika inaulizwa, wewe uko karibu kuliko aliyekutangulia? Ikijibu ndiyo, inachukua nafasi. Ikijibu hapana, inatupwa. Ndiyo maana ukuta ulio nyuma ya nguzo hauonekani, nguzo imeshika nafasi. Mwisho nukta zinapakwa rangi na mwanga wa taa. Mara tisini kila sekunde."

"Kwa hiyo kitu kikiwa mbele ya dereva, na hakuna kilichokizuia, lazima kionekane?"

Niliruka hatua moja. Mliiona? Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya pembetatu, kabla ya jicho, ile orodha. Kisicho kwenye orodha hakiulizwi chochote, hakina pembetatu wala nukta, hata kutupwa hakitupwi. Nilikuwa na nafasi ya kuisema palepale, mama yule ameinua kalamu ananisubiri, na Zamda amenigeukia kwa macho ya mtu aliyeshika kamba.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema. "Lazima kionekane."

Nikawasha picha.

Nguzo ikaja, ikapita, na pale kwenye uwazi, wa rangi ya chungwa, safi, hana hata kivuli cha kumficha, akasimama Kanisius na spana yake. Gaspar alitoa sauti ndogo kule kwenye kona, kama mtu aliyekanyagwa. Mimi nilikuwa namtazama Zamda.

Niliona kitu kikiondoka usoni mwake. Wiki nzima alikuwa anakishika peke yake, kwamba njia ilikuwa tupu, kwamba alitazama, na sasa akakiachia mbele yangu. Alisimama bila kuambiwa.

"Alikuwepo," akasema.

"Bi Zamda, keti kwanza, utapewa nafasi," mwenyekiti akasema kwa upole.

"Alikuwepo. Astaghfirullah. Niliwaambia tupu, na kumbe mtu kasimama vile! Miaka kumi na moja niko kwenye kiti kile na sikumwona. Sijui nilikuwa natazama nini. Andikeni hivyo. Andikeni sikumwona." Akamgeukia Gaspar, akapiga magoti pale pale sakafuni. "Baba, nisamehe. Kaka yako alinisubiri."

Gaspar alikuwa anaikunja kofia yake, anaikunjua.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "una la kuongeza?"

"Hapana," nikasema. Na mbaya kuliko yote ni kwamba kifua kilinilegea nilipolisema, kwa raha.

Uamuzi ulisomwa kabla ya adhuhuri. Uzembe wa dereva. Leseni imefutwa, jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Rwechungura hakunitazama. Yale ya bima hayakutajwa na mtu.

4

Nilimkuta Zamda kwenye ngazi, karibu na duka la vigae. Muuza vigae alikuwa anapakia boksi kwenye pikipiki, na sisi tumekaa pale kama watu wanaosubiri mzigo. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mwezi wa tatu, ufagio, kitu kisichosogea kisiulizwe, picha ya kwanza.

"Ulichoona ni kweli, dada. Ilikuwa tupu. Nilikuonyesha tupu mimi. Wewe ulitazama, ukaangalia vizuri, na mimi nilikuwa nimemfuta."

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipigapiga goti.

"Una roho nzuri," akasema.

"Siyo roho nzuri! Nakwambia kilichotokea."

"Najua ulikuwa unanihurumia na tumbo langu hili. Sasa unataka kunibebea na hili. Usifanye hivyo, mdogo wangu, una watoto."

"Twende kwa kamati sasa hivi. Bado wapo juu, wanakula. Nitasema mbele yao."

"Utawaonyesha nini?"

Faili halipo. Picha haipo. Mpangilio wa kiti cha nne ni wa kiwandani, safi, hauna hatia. Ningekwenda kuwaambia ukumbi mzima kwamba niliwadanganya saa mbili zilizopita, na kwamba wakati huu waniamini, na Rwechungura angetikisa kichwa na kusema fundi amevurugwa na msiba. Nilijua atakavyosema mpaka sauti.

"Mimi nimemwona kwa macho yangu, Lwitiko," Zamda akasema. "Kasimama pale. Wewe mwenyewe ulisema, kilicho mbele lazima kionekane. Usije ukanibabaisha tena na habari za tupu, nitaingia wazimu." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Nataka kitu kimoja tu. Nirudishe kwenye kiti. Nataka kumwona kwa miwani, kama nilivyopaswa kumwona."

"Dada, hapana."

"Nakuomba."

Nilikuwa nimekwisha kumnyima kila kitu. Hili sikuweza.

Kamati ilikuwa imeteremka kwa mlango wa nyuma. Nikakisogeza kiti cha nne mahali pake, akakaa, akaweka mto wake mgongoni, nikamfunga miwani kichwani kama nilivyomfunga kila asubuhi. Vishikio vya kiti vilikuwa vimekatwa kutoka mgodini, haviendeshi kitu tena. Alivishika hata hivyo. Nikaiwasha picha.

Kwenye kioo changu kidogo niliiona nguzo ikija. Ikapita. Kanisius akasimama kwenye uwazi wake, mikono chini, ameganda, anasubiri.

Zamda akasogeza kidole gumba. Akabonyeza honi mara mbili, taratibu, kama sheria inavyotaka. Hakuna kilicholia. Kijiko kikaendelea kugeuka na Kanisius hakutikisika, maana hakuna aliyemwambia apite.

Picha ikaisha. Chini ya miwani machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni.

"Irudie," akasema.

Nikairudia. Nguzo ikaja, ikapita. Akabonyeza honi mara mbili.

"Irudie."